Noti za kampuni ya makaa ya mawe Svalbard: nani aliziruhusu, na je, ziliwafunga wachimbaji?

Swali: Nimeona picha ya noti ya karatasi yenye thamani ya øre chache tu (øre ni senti ya krone, fedha ya Norwei), ambayo haikutolewa na benki bali na kampuni ya makaa ya mawe ya Store Norske katika visiwa vya Svalbard. Maelezo yake yalisema kwamba noti za aina hiyo zilitumika mpaka mwaka 1980. Ninaomba kufahamishwa: kampuni ilipata wapi ruhusa ya kuchapisha fedha? Je, huo haukuwa ule mtego wa kumlipa mfanyakazi kwa karatasi ambayo hupokelewa na duka la mwajiri peke yake? Na kwa nini jambo hilo lilidumu katika nchi kama Norwei hadi miaka ya karibuni kiasi hicho?

Jibu: Ndugu msomaji, nitafuata mpangilio wa maswali yako, ila la pili nitalipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linaloamua tuzitazame vipi noti hizo.

Visiwa vya Svalbard vipo katika Bahari ya Aktiki, kati ya Norwei bara na Ncha ya Kaskazini, na mji wa Longyearbyen upo kwenye latitudo ya digrii 78 kaskazini. Havikuwa na wenyeji wa asili. Waliofika huko kwa karne kadhaa walifuata nyangumi na wanyama wa manyoya, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakafuata makaa ya mawe. Makazi ya mgodi yalianzishwa mwaka 1906 na kampuni ya Mmarekani John Munro Longyear, na mwaka 1916 mali yake ikanunuliwa na Wanorwei walioanzisha kampuni ya Store Norske Spitsbergen Kulkompani. Tangu hapo kampuni hiyo ilikuwa mwajiri, mwenye nyumba, mwenye umeme, mwenye duka na mwenye hospitali. Wakati wa baridi barafu ilifunga bahari kwa miezi mingi, hivyo aliyeachwa na meli ya mwisho ya msimu hakuwa na njia ya kuondoka mpaka meli zirudi mwaka uliofuata. Mawasiliano ya redio yalikuwepo tangu mwaka 1911, kilipoanza kazi kituo cha Green Harbour, lakini redio haibebi sarafu wala noti.

Mahitaji ya fedha taslimu, hata hivyo, yalikuwepo. Mchimbaji alipewa kitanda na chakula na kampuni, lakini alihitaji tumbaku, sabuni, glavu na vitu vingine vidogo, na vitu vidogo hununuliwa kwa fedha ndogo. Hapo ndipo Vita Kuu ya Kwanza inapoingia katika habari hii. Norwei haikupigana, lakini ilikumbwa na uhaba wa madini ya kutengenezea sarafu kama nchi nyingine za Ulaya. Kuanzia mwaka 1917 Norges Bank, ambayo ndiyo benki kuu ya nchi hiyo, ililazimika kutoa noti ndogo za krone 1 na krone 2 ili kuziba pengo la sarafu za madini ya fedha, na senti za shaba zikaanza kutengenezwa kwa chuma. Benki iliyokuwa ikihangaika kuwapatia chenji wauzaji wa bara isingeweza kupeleka shehena ya sarafu kwenye kambi ya wachimbaji katika Aktiki, ambako fedha hizo zingelala kipindi chote cha baridi zikizunguka kati ya mabweni na duka moja. Kampuni ikachapisha noti zake yenyewe kwa ridhaa ya Norges Bank, kwa sharti kwamba krone moja ya kampuni ni sawa na krone moja ya Norwei. Zilikuwa za karatasi tupu, hata zile za thamani ndogo ya øre ulizoziona, kwa sababu metali ndiyo iliyoadimika na karatasi ilikuwa rahisi.

Kuhusu uhalali, kuna jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Noti hizo zilipoanza kutolewa, Svalbard haikuwa chini ya dola yoyote. Mkataba ulioipa Norwei mamlaka juu ya visiwa hivyo ulitiwa saini mjini Paris tarehe 9 Februari 1920, na ukaanza kutumika tarehe 14 Agosti 1925. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na sheria ya nchi fulani iliyosema ni fedha ipi inayotumika katika ardhi ile, wala hapakuwa na haki ya benki kuu fulani iliyokuwa ikivunjwa. Kampuni yenyewe ilikuwa ya Kinorwei na ilitegemea benki za Norwei, kwa hiyo kuomba ridhaa ya Norges Bank kulikuwa jambo la busara. Mamlaka ya dola yalipofika mwaka 1925 yalikuta noti zimekwisha kuzoeleka, zinafanya kazi, na hazimsumbui mtu nje ya kisiwa. Zikaachwa ziendelee.

Ili kulijibu swali la mtego ni lazima kwanza tuelewe noti ya kampuni ni kitu gani katika vitabu vya hesabu. Chukua mchimbaji aliyefanya kazi ya krone 100, kwa mfano tu. Mwisho wa mwezi kampuni inadaiwa naye krone 100, na deni hilo limeandikwa kwa jina lake. Akichukua noti za kampuni za krone 20, kampuni haijamlipa bado. Imegawa deni lake sehemu mbili: krone 80 zimebaki kwenye akaunti yake, na krone 20 zimegeuka kuwa deni lisilo na jina, ambalo yeyote mwenye karatasi anaweza kulidai. Akinunua tumbaku dukani kwa noti hizo, ndipo sehemu hiyo ya deni inapofutika, kwa sababu kampuni imeilipa kwa bidhaa. Asipozitumia, akaondoka nazo kisiwani, deni linaendelea kuishi mpaka azibadilishe kwa krone za benki kuu. Noti ya namna hii, kwa hiyo, ni hati ya deni inayopita mkononi, na thamani yake yote imo katika jibu la swali moja: mdaiwa atailipa lini, kwa kitu gani, na kwa kiwango gani?

Faida ya mchapishaji haifichiki. Kila noti iliyobaki mifukoni mwa wafanyakazi ni mkopo usio na riba kwa mwajiri, na kila noti iliyopotea, iliyoungua au iliyohifadhiwa na mtu kama kumbukumbu ni deni ambalo halitadaiwa kamwe. Faida hiyo kwa kawaida huwa ya benki kuu. Katika mji mdogo wa wachimbaji haikuwa kubwa, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya Norges Bank kutoona shida kuiachia. Sababu nyingine ni kwamba noti hizo zilikuwa na mipaka ya asili: hazikupokelewa bara, hazikuweza kuzidi mno kiasi cha ujira ambao kampuni ingepaswa kuulipa kwa vyovyote, na kwa kuwa zilibadilishwa moja kwa moja kwa krone, kampuni isingeweza kuzishusha thamani bila wafanyakazi kuona mara moja.

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe, ambao ulikuwepo kweli, na uliumiza watu wengi katika sehemu nyingine za dunia. Uingereza ilipitisha sheria dhidi ya ulipaji wa namna hiyo mwaka 1831, kwa sababu waajiri wengi walikuwa wakiwalipa watu kwa bidhaa au kwa karatasi za duka lao. Katika mashimo ya makaa ya mawe ya Marekani wachimbaji walilipwa kwa vipande vya chuma na karatasi za kampuni mpaka sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 ilipodai ujira ulipwe kwa fedha taslimu au kitu kinacholingana nazo. Lakini mfano unaofundisha zaidi ni ule wa Chile, kwenye machimbo ya nitrati ya jangwa la Atacama, kwa sababu huko wafanyakazi wenyewe waliandika kwa maneno yao ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiwaumiza.

Katika machimbo hayo kila kampuni ilikuwa na vipande vyake vya malipo, vilivyoitwa kwa Kihispania ficha, na duka lake. Ficha ya chimbo moja haikupokelewa katika chimbo la jirani, na aliyetaka kuibadilisha kwa peso halisi alikatwa sehemu ya thamani yake. Duka liliweka bei lilivyotaka, na wachuuzi wa nje walizuiwa kuingia. Desemba 1907 maelfu ya wafanyakazi waligoma, wakateremka mpaka bandari ya Iquique wakiwa na orodha ya madai. Dai lao kuhusu ficha lilikuwa la kitaalamu kuliko lile tunalolitazamia. Hawakusema tu kwamba zifutwe. Walitaka kwamba, hadi zitakapofutwa na fedha ndogo kupatikana, kila kampuni ipokee ficha zake na za kampuni nyingine kwa thamani kamili iliyoandikwa, na kampuni itakayokataa itozwe faini ya peso 50,000. Papo hapo wakadai uhuru wa biashara katika machimbo, yaani duka la mwajiri lipate washindani. Tarehe 21 Desemba jeshi liliwafyatulia risasi wakiwa wamekusanyika katika shule ya Santa María, na waliouawa walikuwa mamia. Wapo wanaohesabu zaidi ya 2,000. Chile ilikuja kuagiza kwa sheria ya mwaka 1924 kwamba ujira ulipwe kwa fedha halali ya nchi.

Ninakuomba uyasome tena madai hayo, kwa kuwa sijaona popote ufafanuzi bora wa jambo hili. Watu wale walitambua kwamba kipande cha kampuni kina sumu mbili tofauti. Ya kwanza ni makato wakati wa kukibadilisha, na ya pili ni duka lisilo na mshindani. Ukiondoa makato ukaacha duka la peke yake, mwajiri atayarudisha makato yaleyale kupitia bei. Ukileta washindani ukaacha makato, mfanyakazi hatakuwa na fedha za kuwafikia. Ndiyo maana walidai yote mawili kwa pamoja.

Tukiipima Longyearbyen kwa kipimo hicho, sumu ya kwanza haikuwepo. Krone ya kampuni ilikuwa krone kamili, na mtu aliyerudi bara alibadilishiwa noti zake bila kupunguziwa. Sumu ya pili ilikuwepo kwa ukamilifu wake, kwa maana duka lilikuwa la kampuni na duka jingine la karibu lilikuwa ng’ambo ya bahari. Lakini hapa ni lazima tuwe waadilifu katika kutafuta chanzo. Hata kama kila mchimbaji angelipwa kwa noti za Norges Bank, bado angezipeleka katika duka lilelile kwa bei zilezile. Kilichomfunga kilikuwa barafu, umbali na mkataba wake wa msimu. Karatasi haikuongeza kitu juu ya hayo. Kule Atacama mambo yalikuwa kinyume: jirani alikuwepo, bandari ilikuwepo, mchuuzi alikuwepo, na ficha pamoja na walinzi ndivyo vilivyotengenezwa kwa makusudi ili kumzuia mtu asiwafikie.

Kuna tofauti nyingine inayohusu maisha ya wafanyakazi wenyewe. Mchimbaji wa Svalbard kwa kawaida alikwenda kwa msimu wa kiangazi au kwa kipindi cha baridi, huku nyumba na jamaa zake wakibaki bara, na shabaha yake ilikuwa kurudi na akiba. Noti alizozishika mkononi zilikuwa fedha za matumizi madogo. Mfanyakazi wa nitrati aliishi machimboni na mkewe na watoto, na ujira wake wote ulipita katika duka la kampuni kila wiki. Karatasi zinazofanana zikiwekwa katika maisha mawili yaliyotofautiana hivyo, haziwezi kuleta matokeo yaleyale.

Hata hivyo sisemi kwamba utaratibu wa Store Norske haukuwa na dosari. Mkataba nambari 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema katika ibara ya 3 kwamba ujira wa fedha ulipwe kwa fedha halali peke yake, na unakataza vocha, kuponi na kitu kingine chochote kinachodaiwa kuwakilisha fedha halali. Kwa maoni yangu, noti za kampuni zinapita katika tundu la ibara hiyo kwa shida: zinakubalika tu tukizihesabu kuwa ni namna ya kuchukua kidogo kidogo kutoka kwenye ujira uliokwisha kuandikwa kwa krone, na si ujira wenyewe. Aidha, hati ya deni ni salama kwa kadiri tu mdaiwa alivyo salama. Mwaka 1941 wakazi wote wa Longyearbyen walihamishiwa Uingereza kwa sababu ya vita, na Septemba 1943 manowari za Kijerumani ziliuteketeza mji. Kampuni haikufa, baada ya vita ilirudi, ikajenga upya na kuendelea kutoa noti zake. Lakini mtu mwenye noti ya benki kuu hahitaji kujiuliza kama mgodi wake utasalimika. Mzigo huo wa wasiwasi aliubeba mfanyakazi, na hakulipwa chochote kwa kuubeba.

Yafaa pia ujue kwamba katika visiwa hivyohivyo palikuwa na utaratibu wa pili, ulioonekana kama wa kwanza lakini ukiwa na lengo jingine kabisa. Kampuni ya Kisovieti ya Arktikugol, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilimiliki migodi ya Barentsburg na Pyramiden, kwa kuwa mkataba wa mwaka 1920 uliwapa raia wa nchi zilizoukubali haki sawa ya kuchimba. Mwaka 1946 ilitolewa sarafu maalumu ya kampuni hiyo ya kopeki (senti za rubo, fedha ya Kisovieti) 10, 15, 20 na 50, iliyoandikwa jina la kampuni na la kisiwa cha Spitsbergen, na baadaye zikafuata noti za karatasi. Moskva haikukosa rubo za kupeleka huko. Tatizo lake lilikuwa kwamba sheria ya Kisovieti ilikataza rubo kutoka nje ya nchi, na Barentsburg, ingawa ilijaa raia wa Kisovieti, ilikuwa katika ardhi ya Norwei. Kipande cha kampuni kilizuia fedha ya taifa isivuke mpaka, na wakati huohuo kikamwezesha mchimbaji kununua mahitaji yake kwenye duka la kampuni. Mtu akikuonyesha noti ya Kinorwei na kipande cha Kisovieti vikiwa bega kwa bega, usidhani vinatoka katika fikra moja: cha kwanza kilizaliwa na uhaba wa fedha taslimu, cha pili na udhibiti wake.

Linabaki swali lako la mwisho, la kwa nini hadi 1980. Uhaba wa sarafu uliozizaa noti hizo uliisha mapema, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini kutengwa kwa kisiwa hakukuisha. Maadamu mji ulikuwa na mwajiri mmoja na duka moja, na meli zilisimama wakati wa baridi, noti za kampuni ziliendelea kuwa njia rahisi: hazikuhitaji kusafirishwa chini ya ulinzi, na aliyeziiba asingeweza kuzitumia mahali pengine popote. Kampuni ilijiokolea gharama, nayo benki kuu haikuwa na sababu ya kuingilia. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1970, na sijui kisa kizuri zaidi cha kuonyesha jinsi uwanja wa ndege unavyoweza kuua fedha. Uwanja wa Longyearbyen ulifunguliwa mwaka 1975, na ndege zikaanza kufika mwaka mzima. Mtu aliyekuwa akienda bara na kurudi kwa saa chache alijikuta na fedha za aina mbili mfukoni, moja ikiwa haina kazi kila anapotua. Wageni, watafiti na watumishi wa serikali wasiokuwa wafanyakazi wa kampuni waliongezeka, nao hawakuwa na akaunti katika vitabu vyake. Kisha mwaka 1976 dola ya Norwei ikawa mmiliki wa karibu hisa zote za Store Norske, na serikali ikaanza kuugeuza mji wa kampuni uwe mji wa kawaida wenye familia na huduma za umma. Katika hali hiyo dola ingekuwa inatoa fedha za aina mbili katika ardhi yake yenyewe, moja kupitia benki kuu na nyingine kupitia mgodi wake. Mwaka 1980 noti za kampuni ziliondolewa, na krone ya kawaida ya Norwei ikabaki peke yake dukani.